Kutupa na Kukabidhi

Neno la kusoma: Luka 10:25–37, Kutoka 1:22 hadi 2:10, Kumbukumbu la Torati 22:1–4



Jumapili iliyopita Mchungaji alituhubiria juu ya Msamaria Mwema. Baada ya ibada, tulipokuwa nje tukingoja chai, kijana mmoja wa darasa la ubatizo akanisogelea akaniuliza: "Mzee, huyu Msamaria si aliondoka kesho yake? Alimwacha mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni akaenda zake. Sasa tofauti yake na yule kuhani ni nini? Si wote walimwacha?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Swali hilo nimelibeba tangu nikiwa mtoto wa miaka sita, ila sikuwahi kulisema kwa maneno mafupi hivyo. Nikamwambia nitamjibu. Mchungaji aliposikia akasema, basi jibu kwa maandishi, wengine nao wasome. Ndiyo haya. Naomba mnivumilie, maana jibu langu linapitia kwa mbwa.

Najua, mbwa hana jina zuri katika Maandiko. Paulo akitaka kuwaonya Wafilipi juu ya watenda mabaya anawaita mbwa. Kitabu cha Ufunuo kinawaweka mbwa nje ya mji. Lakini wakati Lazaro amelala mlangoni kwa tajiri, ni nani waliomkaribia? Someni Luka 16 wenyewe.

KAMBA SHINGONI

Mnaukumbuka mwaka 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Siku mbili baadaye kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Diani yetu inayoishi kwa wageni ikanyamaza. Hoteli zilifunga, waliokuwa wakiuza vinyago ufuoni wakarudi kulima mihogo, na mimi niliyekuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya wageni nikaambiwa nikae nyumbani mpaka hali itengemae. Kanisa nalo lilikuwa limefungwa. Kila mtu aliomba na watu wa nyumbani mwake.

Binadamu walipokosa, mbwa walikosa zaidi. Wale mbwa koko waliozoea makombo ya jikoni za hoteli walianza kupanda hadi Ukunda mjini, wakipekua majaa. Na si wote waliokuwa koko. Wengine walikuwa na wenyewe, ila wenyewe walikuwa wameondoka.

Huyu nilimkuta wiki ya Pasaka, kando ya barabara inayoshuka kwenda ufuoni. Alikuwa jike, rangi ya mchanga, mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Kilichonisimamisha si mbavu, ni harufu. Shingoni alikuwa na kamba ya nailoni, ile ya kufungia mizigo, na ilikuwa imezama ndani ya nyama mpaka kwa juu huioni, unaona kidonda tu kimezunguka shingo. Mtu alimfunga akiwa mdogo. Pengine alimfunga kwa kumpenda, asipotee, asigongwe na gari. Kisha mbwa akakua na kamba haikukua. Hakuna aliyekumbuka kuilegeza.

Nami nilipita. Naungama mbele yenu, nilipita kama kuhani na Mlawi. Mkononi nilikuwa na kilo mbili za unga, na nyumbani tulikuwa watu wanne. Nikatembea kidogo, nikasikia kitu nyuma yangu. Nikisimama, naye anasimama. Nikienda, anakuja. Mwishowe akachoka, akalala palepale kwenye vumbi akinitazama. Nilirudi. Sisemi nilirudi kwa utakatifu. Nilirudi kwa sababu ile harufu ilikataa kunitoka puani.

MPAKA IDI

Mke wangu alinitazama, akamtazama mbwa, akautazama unga. Hakusema neno. Wanaume mliooa mnakijua kimya hicho. Binti yetu mdogo yeye alikwishampa jina kabla sijaketi: Mchanga.

Lakini tatizo halikuwa mke wangu. Sisi ni wapangaji. Mwenye nyumba wetu ni mzee wa Kidigo, Mwislamu mcha Mungu, na anaishi nasi ua mmoja. Ninyi mnaokaa na majirani Waislamu mnajua kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, yakigusa chombo au nguo ya kuswalia kuna kazi ya kutohara. Na Ramadhani ilikuwa wiki mbili mbele. Je, ningemwonea mbwa huruma kwa gharama ya ibada ya jirani yangu? Amri ya kumpenda jirani haisemi jirani wa dini yako.

Nikaenda kwake usiku uleule kabla hajasikia kwa wengine. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshaona ulichokuja nacho."

Nikamweleza yote, habari ya kamba na habari ya kidonda. Alinyamaza akichezea tasbihi yake. Kisha akaniambia kwamba hata wao wana kisa katika mafundisho yao, cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Sitaki mate yake kwenye mkeka wangu," akasema. "Lakini sijasema afe. Mfunge kule nyuma kwenye mkorosho, mbali na kisima na mbali na nguo. Mpaka Idi. Baada ya Idi umtafutie kwake."

Wapendwa, nilitoka pale nikiwa nimehubiriwa. Na nilitoka na tarehe. Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache za kumlea mbwa ambaye hakuwa wangu, nikimwandaa kwa mtu ambaye sikumjua.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya pili. Alimchoma sindano ya ganzi, akakata kamba ile uzi kwa uzi, akasafisha, akatoa funza wa nzi, akashona. Sikuwa na pesa zote. Nilimlipa nusu, na nusu nyingine nikamfyekea shamba lake siku mbili. Baada ya wiki tatu, alipopata nguvu, akachanjwa kichaa cha mbwa na kupewa dawa ya minyoo na kupe.

Hapo kwenye chanjo niseme kidogo, maana ukimhurumia mbwa ukasahau watoto wa jirani, huruma hiyo ni nusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Kwa hiyo mtoto akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 nzima, kisha kimbia hospitali ukaanze sindano siku hiyohiyo. Usipake dawa za kienyeji, usingoje uone kama mbwa atakufa. Serikali yetu iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivi kufikia 2030, na njia kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Kwa hiyo ukimfuga mbwa, chanjo yake ya kila mwaka ihesabu kuwa sehemu ya kumpenda jirani.

"MBWA NI MBWA TU"

Dada mmoja wa kanisani alinipigia simu. Hakunisengenya, alinipigia mwenyewe, namheshimu kwa hilo. Akasema, "Ndugu, watu wanalala njaa Ukunda, na wewe unamtibu mbwa. Mbwa ni mbwa tu."

Nililala na maneno hayo. Ni swali la haki. Mtu ana thamani kuliko mnyama, Bwana Yesu mwenyewe alisema hivyo juu ya shomoro. Kama ningempa mbwa chakula cha mwanangu ningekuwa nimekosa. Lakini nilipojichunguza niliona kwamba Mchanga alikula makoko ya ugali na vichwa vya samaki ambavyo wavuvi walikuwa wakivitupa. Na ile nusu ya kwanza ya daktari? Hiyo ilitoka kwenye akiba yangu ya viatu. Sikumnyang'anya yatima yeyote.

Kisha nikaona jambo lingine. Moyo hauna mifuko miwili, mmoja wa huruma kwa watu na mwingine wa huruma kwa wanyama. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Mungu alipomweleza Yona kwa nini anaihurumia Ninawi, alitaja watu wake, halafu akamalizia kwa kutaja wanyama. Na Bwana Yesu alipotetea kumponya mama aliyepinda mgongo siku ya Sabato, alianza na ng'ombe na punda wanaofunguliwa kamba wakanywe maji. Alijua kwamba anayemfungulia punda hana udhuru wa kutomfungulia binti Abrahamu. Basi nilimjibu yule dada hivi: "Dada, umesema kweli juu ya wenye njaa. Twende tukawaone." Tukaenda, tukabisha kwenye milango mitatu na unga tuliouchanga watu kadhaa. Sijui kama ningekwenda kama nisingekuwa nimesimama kwanza kwa yule mbwa.

SHILINGI MIA TANO

Idi ikakaribia, tarehe 24 Mei. Nikaanza kutafuta nyumba.

Wa kwanza alikuja mwenyewe. Alikuwa na stoo ya bidhaa, alitaka mbwa wa usiku. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Anauma?" La pili, "Anakula sana?" Nikamuuliza atalala wapi. Akasema atafungwa kwa mnyororo mlangoni. Mchana je? Mchana pia. Akatoa shilingi 500 akanionyesha.

Wapendwa, msidharau shilingi 500 za mwezi wa Mei 2020. Zilikuwa unga wa siku nyingi. Mke wangu alikuwa mlangoni akisikiliza. Niliitazama ile noti, nikaitazama shingo ya Mchanga ambayo manyoya yalikuwa ndiyo kwanza yanaota juu ya kovu. Nikamrudishia mkono mtupu. Aliondoka akinicheka. Usiku ule mke wangu ndiye aliyevunja kimya: "Ungemwuza ningekula huo ugali, lakini usingeshuka vizuri."

Wa pili nilielekezwa na ndugu wa tawi letu la Msambweni. Ni mama mjane, mkulima wa mahindi na mihogo, shamba lake liko kando ya msitu. Nyani na tumbili walikuwa wanammaliza. Alihitaji mbwa wa kuzunguka shambani na wajukuu zake. Kutoka Ukunda hadi Msambweni ni ndani ya Kwale, kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Matatu zilikataa mbwa, tukapata nafasi kwenye pikapu ya kubebea nazi. Binti yangu alitaka kuja, nikamkubalia. Tulipita Gazi yeye akiwa amemkumbatia, hakusema neno njia nzima.

Tulipofika, mama yule alitupa maji, akanipa kigoda kivulini. Nikaketi. Sikuwa na haraka ya kuondoka. Nilitazama bakuli la mbwa liko wapi, nikaona liko kwenye kivuli. Nilitazama wajukuu wanavyomshika, na bibi yao anavyowakanya wasimvute mkia. Nikamuuliza juu ya chanjo ya mwakani. Nikamweleza kwamba jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, akaniuliza mwenyewe habari ya kumfunga kizazi, na tukakubaliana tutachangia. Nikaomba ruhusa ya kurudi kumwona. Akasema, "Karibu siku yoyote." Nikaendelea kukaa. Saa ya kafyu ilikuwa inakuja na dereva alikwishapiga honi mara mbili.

Na hapo, nikiwa juu ya kile kigoda, mwili wangu ukafa ganzi. Nilikwishawahi kumwona mtu akiketi hivyo.

KIGODA CHA RAMISI

Mimi nilizaliwa Kitui. Mwaka 1984 kulikuwa na njaa kubwa, wazee wa Ukambani wanaikumbuka. Mama yangu alinipandisha basi hadi Mombasa, tukavuka feri ya Likoni, tukafika Ramisi ambako mama mdogo na mumewe walikuwa na kazi kwenye mashamba ya miwa, siku za kile kiwanda cha sukari kabla hakijafungwa. Nilikuwa na miaka sita. Asubuhi ya nne niliamka, mama hayupo.

Hiyo ndiyo hadithi niliyojisimulia maisha yangu yote: mama alinitupa. Nililelewa vizuri, nilisoma, nilimpokea Bwana. Mama alikuwa akija karibu kila Desemba, nami nikimsalimia kama mgeni. Nilipokuwa mtu mzima nilimtumia pesa, kwa sababu Biblia inasema tuwaheshimu wazazi, lakini kumtembelea sikumtembelea. Nilikuwa nikishuhudia hapa mbele kwamba nimesamehe. Wapendwa, nilikuwa nimesamehe kwa mdomo.

Pale Msambweni, juu ya kigoda, nikakumbuka siku tatu zilizotangulia asubuhi ile. Mama aliketi kwenye kigoda uani kwa mama mdogo, siku tatu, hafanyi kitu. Mimi mtoto nilidhani amechoka na safari. Kumbe alikuwa anatazama. Alitazama chakula kinagawanywa vipi. Nakumbuka alimuuliza mama mdogo juu ya shule, nakumbuka alitembea hadi shuleni kuiona. Nakumbuka alimwomba baba mdogo anionyeshe kitanda changu, akakibonyeza kwa mkono. Yale yote nilikuwa nayo kichwani miaka thelathini na sita, na sikuwahi kuyaweka kwenye hesabu. Niliweka asubuhi ya nne peke yake.

Usiku ule nilimpigia simu. Nikamweleza habari ya mbwa, maana sikujua nianzie wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniamsha?"

Akanyamaza. Akasema, "Ningekuamsha ungenishika. Ungenishika ningerudi na wewe, na nyumbani hakukuwa na kitu. Nililia mpaka Mtito Andei." Halafu akasema, "Lakini nilikosea. Ningekuamsha."

Mtu si mbwa, na sifananishi mama yangu na pikapu ya nazi. Ninasema tu kwamba Mungu aliyemfungua kinywa punda wa Balaamu alitumia mnyama mwingine kunionyesha nilichokataa kukiona.

MTO ULEULE

Sasa nirudi kwa kijana wetu wa darasa la ubatizo.

Soma Kutoka 1:22. Farao aliamuru watoto wa kiume watupwe mtoni. Geuza ukurasa, sura ya 2: mama yake Musa anamchukua mwanawe na kumpeleka mtoni. Mto ni uleule wa Nili, mtoto ni wa aina ileile aliyetakiwa kufa. Mtu aliyesimama mbali angesema, huyu mama naye ametii amri ya Farao, amemtupa mwanawe. Lakini kuna kisafina kilichozibwa kwa lami maji yasiingie. Kuna mahali palipochaguliwa, kwenye majani ya ukingoni ambako maji hayana nguvu. Na kuna dada aliyesimama kwa mbali aone yatakayompata mtoto. Anayetupa hafanyi safina, wala haweki mtu wa kutazama. Ndipo huyo mama akamlea Musa kwa muda, na alipokua akamkabidhi kwa binti wa Farao.

Basi tazama Msamaria. Ni kweli aliondoka. Lakini usiku ule alimtunza mwenyewe. Asubuhi alitoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, soma Mathayo 20. Akamwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze, na gharama itakayozidi atailipa atakaporudi. Kuhani aliondoka na mikono mitupu na hakuacha neno. Msamaria alikuwa na safari yake, hakuweza kukaa, na Bwana Yesu hakumlaumu kwa hilo. Alimweka mfano kwetu.

Torati nayo inajua jambo hili. Kumbukumbu 22 inasema ukimkuta mnyama wa ndugu yako amepotea usijifanye huoni. Na kama mwenyewe yuko mbali au humjui, mlete nyumbani kwako akae nawe mpaka mwenyewe aje. Hapo kuna kulea bila kumiliki. Hata sheria ya nchi yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama mahali atakapoteseka kuwa kosa. Haisemi ni kosa kumpa mwingine atakayemtunza.

Kwa hiyo, kijana wangu, kutupa na kukabidhi kwa macho vinafanana, vyote viwili mtu anaondoka. Vipime kwa mambo matatu. La kwanza: uliuliza? Anayetupa haulizi maswali, maana majibu yatamzuia. La pili: ni nani aliyelipa? Msamaria alilipa, yule mwenye stoo alitaka kunilipa mimi. Ukiona unapata faida kwa kumtoa aliye mikononi mwako, simama ujichunguze mara mbili. La tatu: umeacha njia ya kurudi? Kama hutaki kujua atakavyokuwa mwezi ujao, hukukabidhi.

Na kuna upande wa pili ambao tunauficha kwa jina la upendo. Kung'ang'ania. Binti yangu alilia wiki nzima akisema kama tungempenda Mchanga tungehama nyumba. Nilimwonyesha kipande cha ile kamba, nilikuwa nimekiweka. Nikamwambia, mtu aliyeifunga hii pengine naye alimpenda. Kumshika kiumbe mahali asipoweza kukua, kwa sababu tu sisi tutaumia akienda, ni kamba pia.

Wapendwa, hapa simsemi mbwa tena. Katika kanisa letu kuna wenye watoto wanaolelewa na bibi bara. Kuna waliochukua mpwa yatima, ati aje mjini asome, na mpwa huyo leo anafua nguo za nyumba nzima wakati wenzake wako shuleni. Kuna waliomwachia mfanyakazi mzazi mgonjwa, na simu ya mwisho ilikuwa Krismasi. Sikuhukumu kwa kuondoka. Mama yangu aliondoka. Nakuuliza tu, uliketi kwenye kigoda siku ngapi? Na kama ulishaondoka bila kuketi, njia ya Msambweni bado ipo. Rudi ukaketi. Na kama wewe ndiye uliyeachwa, jaribu kukumbuka siku zilizotangulia ile asubuhi. Huenda hutakuta kitu, kwa sababu wako wazazi waliotupa kweli, na Zaburi ya 27 inajua habari hiyo. Lakini huenda ukamkuta mtu ameketi kivulini, akitazama.

Nilirudi Msambweni wiki tatu baadaye. Mchanga alikuja mbio, akanusa mikono yangu, akatikisa mkia mpaka kiuno chote kikayumba. Kisha nyani wakalia upande wa msitu. Akageuka, akaniacha palepale nimeinama na mkono hewani, akakimbilia mahindi. Nilingoja. Hakurudi mpaka nilipoondoka. Niliumia kidogo, wapendwa, na nilimshukuru Mungu njia nzima mpaka Ukunda.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Kwa nini Bwana Yesu hakumfanya Msamaria akae na yule mgonjwa mpaka apone?
2. Ni nani au ni nini Mungu amekupa ukitunze kwa muda tu? Utajuaje wakati wa kukabidhi umefika?
3. Je, kuna mtu uliyemkabidhi kwa mwingine ambaye hujamwuliza hali yake mwezi huu? Mpigie leo, kabla ya kulala.

Tuombe: Baba, tusamehe tuliowapita njiani. Tufundishe kupokea bila kumiliki na kuachilia bila kutupa. Walioachwa, uwe karibu nao. Katika jina la Yesu. Amina.